Bomba Lililokuwa Mdomo Wazi

Najua mmeshasikia. Fundi mwenzangu kaeneza kwamba nilimwagia seva za watu maji kwa ndoo. Mwongo! Ndoo ningeiona.

Bomba lililoliwa na kutu lilipasuka kwenye lile jengo la zamani, ghorofa ya tatu ikalowa, nikaitwa kukausha. Nikapanga feni, nikawasha mashine ya kunyonya unyevu, ile kubwa inayotoa lita 50 na zaidi kwa siku. Maji yake lazima yaende mahali. Kwenye kona palikuwa na bomba limechomoza sakafuni, mdomo wazi kama kifaranga. Nikalichomekea mpira, nikaenda zangu kulala.

(Mnaoanza kucheka, subirini kwanza.)

Jana asubuhi meneja wa ghorofa ya pili, kikombe cha chai mkononi, akaniita chumba cha seva. Ananusa ukungu. Basi nikapanda mimbari: kuta nene za zamani hunywa maji kimyakimya, ukungu waweza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, na kufungua madirisha huku nje kuna unyevu ni kujiongezea...

Tone likanitua utosini. Nikaendelea kuhutubia. La pili likateremka shavuni. Tukatazama juu. Silingibodi iliyo juu ya kabati la seva ilikuwa imetuna kama mimba ya miezi tisa.

"Mabaki ya juzi hayo," nikasema kitaalamu. Nikapanda kiti, nikachomoa kipima unyevu chenye sindano mbili, nikaichoma ile mimba katikati. Sindano zikazama kama kwenye sabuni iliyolowa. Maji ya baridi yakateremka mkononi, polepole, hadi kwapani. Kimya. Kisha silingibodi ikakatika vipande viwili.

Mwenzangu anadai nilipiga kelele. Ningepigaje, na mdomo umejaa maji? Iliyopiga kelele ni UPS, ile betri ya akiba ya seva. Taa za kijani zikazimika moja baada ya nyingine, na meneja bado kashika kikombe chake, kinajaa upya.

Kumbe lile bomba lilikuwa la nyaya za simu za enzi hizo, linaishia juu ya dari ile. Usiku kucha nimenyonya maji ya ghorofa ya tatu nikiyahamishia ya pili.

Umeme ukakatwa, seva zikafunguliwa, tukazifuta kwa spiriti, sasa zinakauka. Marufuku kuwasha hata moja "kujaribu tu". Kazi sijafukuzwa, ila meneja katoa sharti: mpira niuache nyumbani, nije na ndoo.

Mwenzangu keshaninunulia. Kaiandika jina langu.