Asilimia sabini chumbani kwa mama bukwe

Katika avenyu yetu kuna watu waliofanya makubwa. Yupo aliyejenga ghorofa akasahau ngazi, yupo aliyenunua gari kabla ya kupima geti. Lakini aliyemlaza mama mkwe wake ndani ya wingu ni mimi peke yangu, na kwa kuwa habari imeshafika Likasi ikiwa imetiwa chumvi, heri niisimulie mwenyewe. Chumvi nayo imo, mtaiona.

Yote yalianza na bowa, yaani uyoga. Asiyeijua Lubumbashi ajue kwamba mvua zikishika Novemba, pori la miombo hutema uyoga, akina mama hujipanga kando ya barabara na mabeseni yao, na mji mzima hula bowa mpaka mvua ziishe. Baada ya hapo, basi. Ukitaka bowa mbichi mwezi wa nane, uote usingizini. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na mshahara wangu nao una msimu wake. Nikapiga hesabu: atakayekuwa na bowa katikati ya kiangazi atapanga bei peke yake.

Kifaa kikanifuata nyumbani. Binamu yangu alirudi kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa, mizigo mingi kuliko akili, na kati ya mizigo hiyo kulikuwa na hema la kuoteshea mimea ndani ya nyumba: nje jeusi, ndani linang'aa kama karatasi ya sigara, zipu mbele, matundu ya hewa yenye kamba za kukaza. Huko wanaoteshea nyanya, maua, na ule mmea mwingine ambao polisi wanaujua kwa pua. Aliniachia hema badala ya deni ambalo nilikuwa nimeshalizika. Nikalisimamisha katika chumba cha wageni. Mke wangu akauliza wageni watalala wapi. Nikamjibu kwamba sisi hatuna wageni.

Juni nilichemsha mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa ndani ya pipa, nikayaacha yapoe, nikayashindilia kwenye mifuko 20 pamoja na mbegu ya pleroti, uyoga ule ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita mamama. Mbegu ikishika, nyuzi nyeupe husambaa ndani ya mfuko, na hupenda joto la nyuzi 24 mpaka 28. Kiswahili chenyewe kilikuwa kinanitania: nyuzi zataka nyuzi.

Lakini nani alinituma kuanza Juni? Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni hapa hata mbwa wanabisha hodi. Kipimo ndani ya hema kilisoma 12. Wazo langu la kwanza lilikuwa mbabula, jiko letu la makala, yaani mkaa. Niliwasha makala vizuri, nikaipeleka chumbani, na kabla sijafunga mlango mke wangu alikuwa ameshaibeba kurudi nje.

"Unataka waseme msibani kwamba tulikufa kwa ajili ya bowa?"

Hapo sikuwa na jibu. Gesi ya makala haina harufu na haibishi hodi. Nikanunua balbu mbili za kupashia vifaranga joto. Nyuzi zikapanda hadi 25, nami nikapiga mluzi. Kisha nikatazama namba ya pili kwenye kipimo, ile ya unyevu: imeanguka kama mwanafunzi wa dawati la nyuma.

Sasa hapa ndipo aibu yangu ya kitaaluma ilipo. Kila mwaka nasimama mbele ya darasa nikiandika ubaoni kwamba hewa ya nyuzi 12 iliyoshiba hubeba karibu gramu 11 za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo, na ya nyuzi 25 hubeba karibu 23. Maji ni yaleyale, chombo ndicho kimepanuka. Ukiipasha joto hewa bila kuiongezea maji, unyevu wake kwa asilimia unashuka hata chini ya nusu. Nimewapa watoto wa watu sifuri kwa kukosa swali hilo. Na mimi nilisimama mbele ya hema langu dakika kumi nzima nikifikiri kipimo kimeharibika. (Kilikuwa kimeharibika kweli, lakini kwa namna nyingine. Subirini.)

Haya, mifuko ikiwa imefungwa, unyevu wa nje hauisumbui sana. Ila mtu akishanunua kipimo hawezi kukaa bila kukitazama.

Agosti mifuko ilikuwa myeupe kama unga wa bukari, ugali wetu. Nikaitoboa kwa wembe, na hapo sheria zikabadilika: sasa uyoga unataka nyuzi 18 mpaka 25, unyevu wa asilimia 85 mpaka 95, na hewa safi ya kutosha. Kiangazi cha Lubumbashi kina vumbi jekundu, unyevu hakina. Nikaweka ndani ya hema ndoo ya bati yenye rezistansi, ile ile tunayochemshia maji ya kuoga. Mvuke ukapanda, namba ikapanda. Nikifungua matundu ya hewa, namba inashuka. Basi nikayakaza matundu yote kwa kamba na juu yake nikabandika utepe. Kuhusu hewa safi, nilijiambia tutaona.

Vichwa vidogo kama vya pini vikaanza kuchomoza. Siku hiyohiyo mama mkwe akashuka kwenye basi la Likasi, amekuja kutibiwa macho.

Kwa asiyejua desturi ya bukwe, yaani ukwe: mama bukwe humtazami usoni, huli naye, huingii anapolala. Hata ukikutana naye uani unapaswa kugundua ghafla kwamba ukuta una kitu cha kutazamwa. Na nyumba yetu ina vyumba viwili.

"Hema litoke," mke wangu akasema.

"Likitoka leo, vichwa vinakauka. Miezi mitatu hiyo!"

"Kwa hiyo nimwambie mama alale na mashamba yako?"

Mama bukwe mwenyewe ndiye aliyetuamulia. Alipeleka ujumbe kupitia binti yake kwamba kabati la nguo la mkwe halimsumbui, tena ni zuri, lina zipu. Hakuna aliyemsahihisha.

Tatizo likabaki kuwa moja. Nitaongozaje hali ya hewa ya chumba nisichoruhusiwa kuingia? Nikamwajiri mwanangu wa miaka kumi, franki 200 kwa kila safari. Akiingia kumwona bibi yake, anachungulia kipimo, kisha ananipigia kelele kupitia ukuta.

"Papa! Sabini na moja kwa mia!"

"Chini sana! Washa!"

"Papa! Sabini na sita!"

"Bado! Tunataka themanini na tano!"

Mara ya mwisho ilikuwa saa nne za usiku, mara ya kwanza alfajiri. Zipu yenyewe mtoto hakuifunga mpaka mwisho hata siku moja, kwa hiyo mvuke ulikuwa unagawana chumba na bibi. Asubuhi ya tatu mama bukwe alitoka amelowa kuanzia kilemba, uso unang'aa. Nikautazama ukuta nikingoja hukumu. Akamwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia, kwamba katika wakwe zake wote watano hajawahi kupata mwenye moyo kama huu: anamfukiza usiku kucha bila kujitangaza, na magoti yameanza kulainika. Aliomba tu majani ya mkaratusi yaongezwe kwenye ndoo.

Niliyaongeza. Ningefanyaje?

Upande wa pili wa ukuta anaishi Mama Mikate. Tunamwita hivyo kwa sababu ya mikate anayokaanga alfajiri, na alfajiri masikio yake huwa yameshapata moto kabla ya mafuta. Alikuwa ameona taa isiyozimika, mvuke dirishani, hema lililoingizwa usiku, na mtoto akitaja asilimia. Kila mtu wa Katanga anaijua Kasulo, kule Kolwezi, ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti chini ya vitanda vyao. Na kila mtu anajua kwamba kwenye depo za wanunuzi madini hupimwa kwa asilimia ndipo mtu alipwe. Mawe ya asilimia tano, sita, mwenyewe anarudi nyumbani akiimba. Mama Mikate alikuwa anasikia sabini na sita, na mwalimu anagomba kwamba ni kidogo.

Nadhani hakulala wiki nzima. Mimi ningekuwa yeye nisingelala.

Kisha umeme ukaenda. Ulienda Jumanne saa kumi na mbili jioni rezistansi ikiwa ndani ya ndoo, imechomekwa. Jumatano haukurudi. Uyoga ulikuwa umeshakomaa, ulitakiwa uvunwe, lakini mama bukwe alikuwa na dawa ya macho na hakutoka chumbani mchana kutwa. Mtoto nilimtuma avune, akarudi na viwili na swali: "Papa, mbona vina shingo ndefu?" Sikumjali. Nilimwambia akajaze ndoo mpaka juu ili umeme ukirudi tuwe tayari.

Ulirudi usiku wa kuamkia Alhamisi, saa nane. Wote tumelala. Sijui ndoo ile ilichemka muda gani. Nilichosikia ni sauti ya mama bukwe ikipaa kutoka kwenye kikohozi:

"Moto! Moto, jamani! Yesu, moto!"

Nikaruka na kitu cha kwanza nilichokishika, ambacho kilikuwa kitenge cha mke wangu, nikajifunga kifuani kama mama anayetoka kujifungua. Nikafika kizingitini. Na hapo, kwa heshima ya mababu, miguu ikakataa. Chumba kimejaa moshi mweupe, mwanamke mzee anapiga kelele, na mimi nimesimama mlangoni nimegeuzia uso ukutani, natoa maelekezo kwa adabu:

"Mama, kwa heshima zote, si moto! Ni asilimia!"

Majirani hawangoji kufunguliwa. Waliruka ukuta na mchanga, na maji, mmoja na jembe, ambalo mpaka leo hajalieleza. Mama Mikate alikuwa mbele, na nyuma yake shefu wa avenyu katika koti juu ya pijama, na daftari. Mtu anakuja kuzima moto na daftari? Hao hawakuja kwa ajili ya moto.

Mke wangu akamtoa mama yake akiwa amemfunika shuka. Shefu akaingia, akamulika tochi, akasimama mbele ya hema.

"Mwalimu, nasikia unachimba."

"Sichimbi, shefu."

"Basi fungua."

"Siwezi kuingia humo, shefu. Ni chumba cha mama bukwe."

Hilo alilielewa, maana naye ana wake. Akaishika zipu mwenyewe, akaishusha kwa mkupuo mmoja, akaingiza kichwa. Pleroti ikipitiliza kukomaa humwaga vumbi la mbegu, jeupe, jepesi, kwa mamilioni. Wanaoilima kwa wingi huvaa barakoa. Shefu hakuvaa barakoa. Alitoka na kope nyeupe, akakohoa, akakohoa tena, akakalia kitanda cha mama bukwe, na kikohozi kikahamia kwa Mama Mikate aliyekuwa amechungulia chini ya kwapa lake.

Mvuke ulipotulia sote tukaona. Uyoga wangu haukuwa na vifuniko. Ulikuwa mashina tu, marefu, myembamba, ya kijivu, yenye kifundo kidogo kichwani, yakinyooka kutoka kwenye mifuko kama vidole vinavyoomba sadaka. Hewa ukaa ikizidi, ndivyo uyoga unavyofanya: unarefusha shingo kutafuta pa kupumulia. Na mifuko ya chini ilikuwa imeota ukungu wa kijani uliokolea, rangi ileile ya malakiti, jiwe la shaba. Niliona macho ya Mama Mikate yakiutazama kwa tumaini la mwisho.

"Hiki ni nini?" shefu akauliza.

"Bowa."

"Bowa gani mwezi wa nane?"

Kimya kikawa kibaya. Kuchimba kobalti ndani ya nyumba watu wanakuelewa. Vidole vinavyoota kiangazi, gizani, miguuni pa mama mkwe, hilo ni jambo lingine kabisa. Yule wa jembe alirudi nyuma hatua moja. Aliyeniokoa ni mama bukwe. Kutoka ndani ya shuka lake akauliza ni nani amekizuia kifukizo chake, maana magoti yalikuwa karibu kupona. Kisha akaomba tochi, akavitazama vidole, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwambieni mkwe wangu," akasema, "mchwa wanakuza bowa lao ndani ya kichuguu, na kichuguu wamekiachia matundu ya kupumua. Na hawakusoma."

Faini ya kusimama mbele yake nikiwa na kitenge kifuani ilikuwa kuku wawili. Nililipa siku ileile.

Kesho yake, kwa hasira, nilikijaribu kipimo. Kuna njia: chumvi ya jikoni iliyoloweshwa kidogo tu, ndani ya chupa iliyofungwa vizuri pamoja na kipimo. Baada ya saa nyingi hewa ya mle hutulia kwenye asilimia 75, hapo unajua kama kipimo kinasema kweli. Changu kilisema 58. Ilipungua 17. Kila mara mwanangu alipopiga kelele sabini na sita, mle ndani ilikuwa tisini na tatu, pazuri kabisa, nami nikaagiza moto zaidi. Mama Mikate aliiona chupa dirishani, chumvi na kipimo ndani yake. Hakuuliza. Mwezi mzima alinipitia upande wa pili wa barabara.

Mama bukwe alirudi Likasi na rezistansi. Hema nilimrudishia binamu, deni likafufuka. Mifuko yote niliitupa nyuma ya choo, chini ya mwembe, nikaisahau.

Mvua ya maana ilinyesha Novemba. Siku nne baadaye, Jumamosi asubuhi, geti likagongwa. Mama Mikate, beseni kichwani, na ndani ya beseni pleroti pana kama masikio ya tembo, nono, zenye umande, aina ambayo nilikuwa nimeitafuta tangu Juni. Juu ya bega lake nikauona ukuta wetu wa nyuma: kulikuwa na alama mpya za miguu.

"Mwalimu, nunua bowa. Fungu elfu tatu."

"Mama, haya umeyatoa wapi?"

"Porini," akasema, bila kupepesa. "Haya ni ya Mungu. Si kama yale yako."

Nikampa elfu mbili na mia tano.