Bibi Alitaka Kusoma Barua Zake Mwenyewe

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Alizaa watoto wanne kabla hajasoma barua hata moja kwa macho yake. Babu alikuwa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Barua yake ikifika, anaitwa kijana wa jirani aliyeishia darasa la nne, anasoma kwa sauti pale uani, wakwe wamekaa wanasikiliza. Jibu nalo ni vivyo hivyo: bibi anasema, kijana anaandika anavyoona inafaa. Habari zote za ndoa yake zilipita kwanza kinywani mwa mtu mwingine.

Naanza na bibi kwa sababu wanawake na kusoma vikitajwa, haraka tunakimbilia afya ya mtoto na kipato cha kaya. Ni kweli, vyote vinafuata. Lakini kwa ninavyoona mimi, kitu cha kwanza ambacho kusoma kunampa mwanamke ni siri yake.

Pwani walilijua hilo zamani. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa wasia, na mwanzoni kabisa anamwita asogee na wino na karatasi. Mama na mwana, hakuna mtu katikati yao. Huku ziwani kusoma kulikuja na misheni, kisha na shule za serikali, na mwenye ada ya mtoto mmoja alimpeleka wa kiume.

Bibi alipata nafasi yake akiwa mtu mzima. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo chenye manufaa, makao yake Mwanza, ukisaidiwa na UNESCO, kwa mikoa ya kanda ya ziwa. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Ukerewe ikawa mojawapo ya maeneo sita yaliyotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma hadi mwisho wa 1971. Vitabu vilitungwa kwa kazi za watu: pamba, migomba, uvuvi, maarifa ya nyumbani. Bibi alikaa chini ya mwembe jioni, mama yangu akiwa mgongoni, akachagua pamba. Alikuwa akituambia kwamba neno lenyewe “pamba” ndilo lililomfungulia mlango: aliona ile a imerudi mara mbili, akajua herufi ni kitu kinachokaa mahali pake, unaweza kukikuta tena kwenye neno lingine. Mbegu na palizi alishavijua kwa mikono yake. Kilichobaki ni kuvitambua kwenye karatasi. Sijaona njia ya kumfundisha mtu mzima inayomheshimu kuliko hiyo.

Na ilifanya kazi. Kufikia 1975 watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa asilimia 39. Kufikia 1986 hawakufika asilimia 10. Kanda ya ziwa ilikuwa hata na gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Kisha hali ya uchumi ikabana, karatasi zikaadimika, maktaba za vijiji zikabaki makabati matupu.

Mwezi uliopita nilikuwa Igombe, mwalo wa wavuvi huko Mwanza, kwa akina mama wanaoanika dagaa. Simu ya mmoja ikalia, ujumbe wa pesa umeingia. Akaifuta mikono kwenye kanga, akampa simu kijana wa bodaboda aliyesimama jirani: “Nisomee, mwanangu, ni shilingi ngapi?” Kijana akasoma. Halafu akaombwa amwangalizie salio, na yule mama akamtajia namba ya siri, mbele yetu sote. Mwili ulinisisimka. Ni uani kwa bibi, miaka hamsini baadaye.

Kisomo kirudi mialoni, na kirudi kwa saa za wanaokihitaji. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala, na wanaoanika wanakuwa na siku kadhaa mikono mitupu. Hizo ndizo siku za darasa, kila mwezi, na kalenda yake hata mtoto wa mwaloni anaijua. Kitabu cha kwanza kiwe huo huo ujumbe wa simu: kiasi, jina la aliyetuma, salio. Halmashauri zina maofisa wa elimu ya watu wazima. Waje mchangani.

Barua ya kwanza aliyoisoma bibi mwenyewe ilifika wakati wa kuchuma pamba. Hakuifungua uani. Aliipeleka shambani, akakaa chini katikati ya mistari, akaisoma neno kwa neno mpaka jua likaelekea kuzama. Aliporudi, mama mkwe wake akamuuliza mumewe kasemaje.

Bibi akasema, “Anawasalimu.”