Waya Hukatika Shingoni

Ningependa kukutana na mtu aliyebuni chaja za vipakatalishi, nimuulize kwa heshima ni kwa nini aliamua kukusanya udhaifu wote mahali pamoja. Chaja yangu ni nzima tangu ukutani hadi karibu kabisa na mwisho, lakini pale shingoni, upana wa kidole kabla ya kichwa kinachoingia kwenye kompyuta, ganda la waya limepasuka na nyuzi za shaba zinachungulia nje. Ukiuinua waya kidogo, taa inawaka, ukikohoa, inazimika. Hapa kwangu Nyalenda, mtu akipita karibu na meza kwa kishindo huulizwa kama amedhamiria kuniachisha kazi.

Kinachoniudhi zaidi ni mpangilio wenyewe. Ule waya mnene unaotoka ukutani, wenye plagi ya pini tatu tuliyorithi kwa Waingereza, huchomoka kwenye adapta na huuzwa peke yake kwa bei ya chakula cha mchana, ilhali sijawahi kukutana na mtu ambaye waya huo umemkatikia. Ninazo kadhaa kwenye droo, mirathi ya chaja zilizotangulia mbele ya haki. Waya mwembamba, huu unaokunjwa, unaokanyagwa na watoto na kubanwa ndani ya begi kwenye matatu, ndio uliozamishwa ndani ya adapta isiyo na hata skrubu moja ya kufungulia. Basi kipande kifupi cha waya kikifa, unatakiwa uizike pamoja nacho adapta nzima, ambayo inaendelea kupokea volti 240 na kutoa volti 19.5 bila manung'uniko yoyote. Huko Ulaya wameamuru kwamba kuanzia Aprili 2026 kompyuta mpya za mkononi zikubali kuchajiwa kwa USB-C, ambayo waya wake mara nyingi huchomoka pande zote mbili. Kipakatalishi changu ni cha mtumba, na habari hiyo haikihusu.

Utepe mweusi wa umeme nimeutumia, lakini joto la Kisumu halielewani na gundi. Kufikia saa nane mchana utepe umekwisha kuteleza, umejipaka vumbi na nywele, na shingo imebaki uchi vilevile.

Fundi wa Kondele alinipokea kwa imani kubwa. "Jaduong', hii ni kazi ndogo," akasema, akaukata waya na kuumenya. Ndani mlikuwa na wavu wa shaba, waya mwingine ndani ya wavu huo, na pamoja nao uzi mwembamba ambao kazi yake si kubeba nguvu, bali kuiarifu kompyuta kwamba chaja hii ni ya wati 65 na ni ya ukoo wake. Fundi akalehemu vile viwili vinene na kuukunja ule uzi pembeni, akisema hauna kazi. Kompyuta ikawaka, naye akalipwa. Nilipofika nyumbani, ikaniandikia kwamba imeunganishwa na umeme lakini haichaji betri, kisha ikaanza kujikokota kama karani aliyekwisha kuiona saa ya chakula. Nilipomrudia fundi na malalamiko yangu, aliniuliza, "Lakini si inawaka?" Swali hilo ni gumu kulijibu mbele ya wateja wengine.

Ikabidi niende dukani, Oginga Odinga Street, ambako niliarifiwa kwamba kuna chaja orijino na kuna orijino kabisa. Lebo zilifanana hadi nukta ya mwisho, zote zikidai wati 65, lakini ile ya bei nafuu ilikuwa nyepesi mkononi kiasi cha kunifanya nishuku kwamba nauziwa hewa. Nikachagua ile nzito, nikaisimamia ikijaribiwa kwenye kompyuta yangu mpaka asilimia ya betri ilipoanza kupanda, maana kuwaka peke yake hakunidanganyi tena. Nikamwomba mwenye duka abaki na waya wa ukutani anipunguzie bei. Akakataa, akisema vitu hivyo havitenganishwi.

"Na waranti?"

"Miezi sita, mzee wangu, bila wasiwasi."

Nikamwonyesha shingo ya waya mpya kwa kidole, nikamuuliza kama na hapo pamo.

"Hapo hapana," akasema, akiendelea kuandika risiti. "Waranti ni ya adapta."