Wapi Hasa Niliingiza Ile Diski

Najua video mmeshaiona, ile inayodai niliingiza diski ya gemu kwenye king'amuzi. Niweke mambo sawa kabla haijafika kwa mama: sikuingiza diski kwenye king'amuzi. Hilo la king'amuzi kalipika jamaa mwenye mashine mwenyewe ili stori yake ipate ladha. Diski niliiingiza kwenye PS5, mashine ya gemu ya Sony iliyofuata PS4. Tatizo ni kwamba PS5 yenyewe haikuwa na pa kuiingizia.

Kwa mliochelewa: tulichanga kununua Street Fighter 6, gemu ya kupigana, kopi moja ya kundi zima, ichezwe kwa huyo jamaa kwa sababu ndiye mwenye runinga kubwa na pedi mbili ambazo mchezaji hatembei peke yake hujagusa kitu. Hela nikakabidhiwa mimi. Siwalaumu. Mtu ninayeshinda humu najibu "kaka, ninunue ya PS4 au ya PS5?" nisipopewa mimi apewe nani? Ukiitwa mtaalamu muda mrefu, unaanza kuitika.

Na hesabu zangu zilikuwa safi, hilo naomba mnipe. Gemu hii ilitoka Juni 2023 kwa PS4, PS5, Xbox Series (mashine za Microsoft) na kompyuta, na wa mashine hizo zote wanakutana mtandaoni bila kubaguana. Si kila gemu ina moyo huo. FIFA 23, ile ya mpira, ilipofungulia watu wa mashine tofauti wacheze pamoja, iliweka PS5, Xbox Series na kompyuta kundi moja, PS4 na Xbox One kundi lao, na wa huku hamuoni wa kule. Wa Switch, mashine ya Nintendo, wakabaki wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana mtu akiniuliza toleo la kununua, simjibu kuhusu picha kwanza. Namuuliza wenzake wanachezea nini.

Upande huo ukawa umeisha, nikabaki na swali la diski au kupakua. Nikaenda na diski, tena ya PS4, tena iliyotumika. Mnaocheka, tulieni. Diski ya PS4 ya gemu hii inakupa toleo la PS5 bure. Unaiingiza ndani ya PS5, unaingia ukurasa wa gemu, unachagua toleo la PS5, linapakuliwa. Baada ya hapo diski lazima iwe ndani kila mnapocheza, vinginevyo gemu haifunguki. Mkichoka mnaiuza, maana kitu cha kupakua hakiuziki. Ila angalia gemu na gemu: Sony ilisema Septemba 2021 kwamba baada ya Horizon Forbidden West, gemu zake zenyewe zitakazotoka kwa mashine zote mbili zitalipisha kupanda toleo, na ndivyo ilivyokuwa kwa Gran Turismo 7 na God of War Ragnarök. Kwa hiyo boksi lenye mkanda wa bluu juu (PS4) linaweza kukupeleka hadi kwenye lile la mkanda mweupe (PS5) bure, kwa nyongeza, au lisikupeleke kabisa.

Na usiache PS5 ikuchezeshe toleo la zamani kimyakimya. Ukiona "PS4" imeandikwa pembeni ya jina la gemu kwenye skrini, bado hujapanda. (Kuna wajanja wanaofanya hivyo kusudi. Elden Ring ya PS4 ikichezwa ndani ya PS5 inatembea laini kuliko toleo lake la PS5. Lakini hao wanajua wanachokifanya. Mimi siku hiyo sikuwa miongoni mwao.)

Swali moja tu sikuuliza. Mashine ya jamaa ni ya aina gani?

PS5 zilipotoka Novemba 2020 zilikuwa mbili. Moja ina sehemu ya diski na imevimba upande mmoja, unene milimita 104. Nyingine ni ya kupakua tu, milimita 92, imekaa sawa pande zote. Yangu imevimba. Ya jamaa nilikuwa naiona kwa mbali tu, imesimama nyuma ya maua ya plastiki ya dada yake. Siku ya tukio akawa ameilaza chini ya runinga, ndani ya kabati, na taa wamezima ili "tuenjoi".

Haya. Tuingie ndani ya kabati.

Wachangaji wamekaa, wengine sakafuni. Mwenye mashine yuko chumbani anatafuta waya wa kuchajia pedi ya pili. Mimi nafungua boksi taratibu, natoa diski kwa kuibana pembeni na katikati, nisiguse uso wake. Naifuta na kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, siyo kwa kuzungusha, na naeleza kwa nini: mkwaruzo unaokata njia husumbua kidogo kuliko unaoifuata njia. Watu wanatikisa vichwa. Mmoja kasema, "Ona mtaalamu." Niandikieni hilo, maana ndiyo heshima ya mwisho niliyopata.

Napiga magoti. Mashine ikilala, lebo inaangalia juu. Hiyo niko sahihi. Napapasa mbele yake gizani, kidole kinakutana na mwanya mrefu mwembamba kati ya bamba jeupe na mwili mweusi. Nikatabasamu kabisa. Ni njia ya hewa ile, jamani. Nikaelekeza diski, nikasukuma.

PS5 yenye sehemu ya diski huwa inapokea: ukisogeza kidogo, mota inainyakua mkononi mwako yenyewe. Hii haikunyakua. Nikasukuma tena kwa upole. Kimya. Nyuma yangu sauti ikasema, "Labda inaona aibu." Wakacheka, na mimi nikacheka, na kwa kile kicheko nikaongeza nguvu. Ikalia *kwaruuu*, ikazama mpaka karibu na tundu lake la katikati, ikakaba. Haiendi, hairudi.

Sikupanik. Nikasema, "Naitoa tu, naanza upya." Yenye diski ina vitufe viwili mbele, kirefu cha kuwasha na kifupi cha kutolea diski. Nikatafuta kile cha kutolea. Nikapata kitufe. Nikabonyeza, nikashikilia. Mashine ikalia *pii*, runinga ikawa giza.

Kitufe kilikuwa kimoja tu, ndugu zanguni. Nikapapasa kulia, nikapapasa kushoto, nikarudi palepale. Kimoja. Hapo ndipo kijasho chembamba kikaanza kushuka mgongoni, maana akili ilishafika ila mdomo ulikuwa bado unaongea: "Hizi za toleo hili kitufe wamekificha." Taa ikawashwa. Mwenye mashine mlangoni, waya mkononi.

"Mkuu, unafanya nini?"

"Naingiza diski."

Akaangalia mashine. Akaniangalia. Akaangalia tena mashine, nusu ya diski imechomoza kama ulimi wa mtoto mtundu.

"Unaingiza wapi?"

Simu zilitoka mifukoni muda huohuo. Kwa wanaodai nililia: jasho lilipita karibu na jicho.

Mmoja akaomba koleo. Nikakataa, na hapo angalau utaalamu ulirudi. Kwenye Blu-ray, ambayo ndiyo aina ya diski hii, tabaka la data liko milimita 0.1 tu chini ya uso, kwenye DVD ni 0.6, kwa hiyo ukivuta kwa nguvu unaikwangua palepale penye gemu. Tukazima mashine kabisa, siyo kuilaza usingizi, tukachomoa nyaya zote, tukatoa kitako. Bamba halina skrubu: unanyanyua kona moja pole pole, kisha unalisukuma pembeni. Likiachia linatoa mlio kama limevunjika. Halijavunjika, ila mwenye mashine alikaa chini. Diski ikateleza ikatoka yenyewe.

Na chini ya lile bamba tukakuta vumbi la kushona blanketi. Mle kuna vitundu viwili vya kukusanya vumbi, unapitisha mdomo wa mashine ya kufyonzea, basi. Kwa hiyo jamaa kafanyiwa sevisi bure, jambo ambalo kwenye video yake halipo.

Yaliyofuata ni haraka haraka. Mtu akasema kuna kifaa cha diski kinachouzwa peke yake. Kweli kipo, lakini ni cha PS5 nyembamba za kuanzia 2023 na PS5 Pro ya 2024, na hata hizo siku ya kwanza zinataka intaneti ili zitambuane nacho. Hizi za mwanzo hazina pa kukifunga. Kile cha kupanda toleo bure nacho kikafa palepale, kwa sababu bila kusoma diski hakuna cha kupanda. Tukachanga tena, gemu ikapakuliwa kwenye akaunti ya mwenye mashine. Diski nimeinunua mimi kwa aliyelinunulia kundi, yaani mimi. Nyumbani inasoma vizuri, mikwaruzo imebaki juu.

Mwenye Xbox Series S ambaye alikuwa anacheka sana, hata yako haina sehemu ya diski. Ile yao ya kukuchagulia toleo sahihi yenyewe ni nzuri, ila diski ya gemu utaishia kuiangalia tu.

Jana huyohuyo mwenye mashine kaniuliza kwenye kundi kuhusu gemu ya Switch 2. Nikamwambia asome mbele ya boksi, kuna kadi ambazo ndani yake hamna gemu, zina ruhusa tu. Unaichomeka, halafu unapakua gemu nzima, na kadi lazima ikae ndani ukicheza. Nafasi ya ndani ni GB 256, na ukitaka kuongeza ni kadi za kumbukumbu aina ya microSD Express, zile za Switch ya zamani hazihifadhi gemu.

Akajibu, "Sawa mtaalamu. Na tundu lake liko wapi?"

Nikamwandikia kwa nia njema kabisa kwamba liko juu, chini ya kifuniko kidogo. Kabla sijamaliza kutuma, kundi zima lilikuwa limeshaweka vicheko.