Kukua na ndugu mwenye ulemavu: faida ipo, ila haiji yenyewe

Wazazi wa mtoto mwenye ulemavu hubeba hofu mbili. Ya kwanza ni juu ya mtoto mwenyewe. Ya pili huisema kwa sauti ya chini: hawa wengine je, watakuaje katika nyumba ambayo fedha, muda na usingizi wa mama vyote vinaelekea kwa mmoja? Majirani na viongozi wa dini huwatia moyo kwamba watoto hao watakuwa watu wa huruma. Mimi ni mdogo wa mtu asiyesikia, na naona jibu hilo ni la kweli. Tatizo ni kwamba linaishia njiani. Halisemi huruma hiyo hupatikanaje, wala nani anayeigharamia.

Nianze na faida, maana wapo wanaoamini kuwa nyumba ya namna hii haina lolote ila mzigo. Mtazame msichana wa miaka 10 anayemlisha mdogo wake mwenye mtindio wa ubongo. Anamketisha wima, anamwegemeza mgongo, anahakikisha kichwa kimeinama mbele kidogo. Uji unaingia nusu kijiko, kisha anasubiri ameze ndipo aongeze. Mgeni mwenye haraka angemlaza na kumwinua kidevu, na uji ungepita njia ya hewa. Msichana huyu anajua mguno wa njaa na mguno wa maumivu, na akisikia kikohozi cha kupaliwa yupo pale kabla mtu mzima hajainuka kitini. Huo ni zaidi ya moyo mwema. Ni ujuzi wa kumsoma mtu asiyeweza kujieleza kwa maneno, na wauguzi na walimu wengi huupata ukubwani, kwa shida.

Nyumbani kwetu alama zilianza kabla hatujajua kwamba ipo lugha ya alama yenye walimu na kamusi. Babu alikuwa kidole kinachopita chini ya pua, kwa sababu ya masharubu yake. Duka la jirani lilikuwa ngumi inayomimina, kwa kuwa ndiko tulikonunua mafuta ya taa. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wasiosikia huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo familia nyingi huanza bila lugha ya pamoja, na mara nyingi watoto ndio wanaowahi kuitengeneza. Mtoto anayekua akitafsiri kati ya kaka na mama hujua mapema kwamba asiyesema si kwamba hajui. Akimsikia mtu mzima akimwita mwenzake zezeta, hasira inayompanda ni ya kweli, kwa sababu anaguswa yeye.

Lipo jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha. Ndugu mwenye ulemavu ni ndugu kwanza. Anagombana, anaonea, anatunza siri, anakutetea. Kaka ni mkubwa kwangu, hivyo alinituma, alinikaripia, na ndiye aliyenifundisha baiskeli na kushona kiatu kilichoachia. Simulizi nyingi za kusifu familia hizi humgeuza mwenye ulemavu kuwa somo, kana kwamba alizaliwa ili sisi wengine tujifunze subira. Simulizi hizo zinaniudhi. Nilichopata kwa kaka ni malezi, kama mdogo yeyote anavyoyapata kwa mkubwa wake.

Upande wa pili mara nyingi una sura ya msichana. Kliniki ikiwa Jumanne, dada ndiye anayekosa shule Jumanne, na kaka yake wa nyumba hiyohiyo yuko uwanjani na mpira. Tukimsifu dada huyo kwamba amekomaa mapema, tunasifu jambo lililopaswa kutusikitisha. Akifika umri wa kuolewa, washenga huulizia ukoo, na wapo wanaorudi nyuma wakisikia kwao kuna mtu mwenye ulemavu, hata kama ulemavu huo ulitokana na homa ya uti wa mgongo au kuchelewa kwa huduma wakati wa kujifungua, mambo yasiyorithiwa. Zaidi ya hayo kuna aibu. Mtoto akimwonea aibu ndugu yake mbele ya wenzake, kisha akajichukia kwa kuona aibu hiyo, na nyumbani hakuna ruhusa ya kulitamka, huwa mtoto mtulivu mno. Wazazi huufurahia utulivu huo. Mimi unanitia wasiwasi.

Familia ya Kennedy ya Marekani, alikotoka Rais John F. Kennedy, inaonyesha pande zote mbili. Rosemary, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa na ulemavu wa akili, na utotoni aliogelea na kusafiri kwa mashua za tanga pamoja na nduguze. Mwaka 1941 baba yao aliamua afanyiwe upasuaji wa ubongo, ukamharibu kabisa, naye akafichwa kwenye taasisi, mbali na ndugu zake kwa miaka mingi. Mdogo wake Eunice alifungua kambi ya michezo nyumbani kwake mwaka 1962 kwa watoto wenye ulemavu wa akili, na mwaka 1968 yakafanyika mashindano ya kwanza ya Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, mjini Chicago. Hapo udugu ulizaa jambo linalowafaa watu duniani kote. Lakini lisitumike kuhalalisha aliyotendewa Rosemary. Eunice alijua dada yake anaweza kucheza kwa sababu aliwahi kucheza naye. Mtoto anayefungiwa chumba cha uani hawapi ndugu zake nafasi hiyo, na wao hujifunza kuficha tu.

Ninavyoona, aina ya ulemavu haiamui sana. Kinachoamua ni kama watoto wameelezwa ukweli tangu mwanzo, kama kazi inagawanywa hadi kwa wavulana, na kama mtoto anaruhusiwa kusema "leo nimechoka naye" bila kuhubiriwa. Umaskini nao una nguvu yake. Kenya hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkali zilizoandikishwa kwenye mpango wa Inua Jamii. Ni msaada, lakini hautoshi kumwajiri mtu wa kukaa naye mchana, na pengo hilo huzibwa na dada. Serikali inayosifu mshikamano wa familia ikaishia hapo inamtegemea mtoto wa shule.

Kisha kuna swali linalowanyima wazazi usingizi: sisi tukifa, atabaki na nani? Sisi tulidhani jibu liko wazi, kaka angehamia kwa dada yetu. Tulipokaa kikao na hatimaye kumuuliza mwenyewe, alisema anataka chumba chenye mlango wake na kufuli lake, hapohapo mtaani anakofahamika na kupata kazi za kushona viatu. Dada naye alikuwa na mipango ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Kikao cha namna hiyo kifanyike wazazi wakiwa hai, na mwenye ulemavu awe ndani ya chumba, pamoja na mkalimani kama anamhitaji.