Lipa yaishe, halafu bima ndiyo inaanza

Shemeji alinipigia Alhamisi saa tano usiku. Hata salamu hakumaliza.

"Shemeji, nimepigwa tochi."

Yeye yuko Dallas, mimi Houston, jimbo la Texas, Marekani, na wote tuliondoka Tanzania zaidi ya miaka kumi iliyopita. Lakini kwetu sisi polisi mwenye kipima mwendo ataitwa tochi mpaka mwisho wa dunia, hata akiwa mtu wa futi sita na kofia pana ya wachunga ng'ombe. Shemeji alikuwa ameshafungua ukurasa wa mahakama kwenye simu na kadi ya benki iko mkononi. Dola mia mbili na kitu. "Nalipa yaishe, nilale."

Nikamwambia usibonyeze.

Hilo neno "yaishe" tumekuja nalo kutoka nyumbani, na nyumbani lina maana. Ukitoka Dar kwenda Morogoro, kibao cha 50 kinakupokea kila penye vibanda vinne na muuza mahindi ya kuchoma. Wanaokuja mbele wanakuwashia taa, unapunguza, unapita kwa upole kama unaingia msibani, ukikiona kibao cha kufuta 50 unakanyaga tena. Ukizubaa, picha inarushwa kwa afande aliye mbele, unasimamishwa na kuonyeshwa simu: namba yako hiyo, kilomita 68 hizo, ubishi wa nini. Unaandikiwa 30,000, unalipa kwa simu, safari inaendelea. Umeudhika, umemlaumu aliyechomeka kibao pale, lakini kweli yameisha. Deni lilikaa kwenye namba ya gari na limetoka kwenye namba ya gari. Ndiyo maana anayenunua gari la mkononi kwanza anaingiza namba kwenye mfumo wa polisi aone kama hauziwi gari na madeni yake.

Na bima? Bima haijui lolote. Stika ya bima ndogo ya gari la kutembelea ni 100,000 kwa mwaka kabla ya VAT, awe mama anayetoka na gari Jumapili tu kwenda kanisani, au kijana aliyepigwa tochi mara tatu kati ya Kibaha na Chalinze. Mwenye bima kubwa anaweza kupata punguzo kama hajadai, lakini hapo kinachoangaliwa ni ajali, mwendo hauulizwi.

Nilikuja Texas na akili hiyo hiyo, na imenigharimu.

Tiketi yangu ya kwanza niliipata kwenye barabara kuu ya I-10, nikitoka San Antonio kwenye sendi-ofu ya binti wa rafiki yetu. Maili 88 kwenye 75. Polisi alikuwa na adabu kuliko mimi. Akarudi na karatasi ndefu nyembamba kama risiti ya supamaketi, akaniambia nisaini. Nikagoma. Nyumbani kusaini karatasi ya polisi ni kukubali. Akanieleza taratibu, kama anamweleza mtoto, kwamba saini hiyo ni ahadi tu kwamba nitajibu mahakamani kabla ya tarehe iliyoandikwa, wala sijakiri chochote. Na kweli sheria ya Texas iko hivyo. Nikasaini.

Kisha nikafanya lile ambalo hakuna aliyenieleza: siku mbili baadaye nikalipa kwa intaneti. Dola 210. Nikajisikia raia mwema.

Sasa sikiliza. Texas, kulipa faini ya tiketi ni kukiri. Mahakama inayahesabu malipo yako kana kwamba umesimama mbele ya hakimu ukasema "sipingi," na unatiwa hatiani hapo hapo, uko sebuleni na kandambili. Hatia hiyo haiendi kwenye namba ya gari, inakwenda kwenye leseni yako. Ukibadilisha gari unahama nayo. Na kwenye leseni ndiko kampuni ya bima inakochungulia.

Haichungulii siku ile ile, na hapo ndipo mtego ulipo. Bima nyingi za magari hapa ni za miezi sita sita. Unapigwa tiketi mwezi wa pili, unalipa, mwezi wa tatu bei ni ile ile, wa nne ile ile, unaamini mambo yamepita. Inapofika kuhuisha, kampuni inavuta kumbukumbu ya leseni yako na kukokotoa upya. Mimi barua ilinikuta mwezi wa nane. Nilikuwa nalipa dola 612 kwa miezi sita, ikawa 780. Nikapiga simu kwa hasira, nikijua ni kosa la kompyuta. Dada aliyepokea akanisomea tarehe ya kosa, barabara na mwendo, kama anasoma cheti cha kuzaliwa.

Kampuni za bima hapa kwa kawaida zinaangalia miaka mitatu nyuma. Nyongeza ya 168 kila miezi sita, mara sita, ni dola 1,008. Faini ilikuwa 210. Kwa hiyo mahakama ilichukua kidogo, na bima, ambayo haikuwepo barabarani wala haikuniona, ikachukua karibu mara tano yake. Wengine wanapandishiwa kidogo kuliko mimi, wengine zaidi, kila kampuni ina hesabu yake na Texas inaziruhusu kuangalia mpaka historia yako ya mikopo. Nilijaribu kuhamia kampuni nyingine, lakini nako walivuta kumbukumbu ile ile. Tena usijaribu kuwaficha kwenye fomu ukidhani hawatajua. Wanajua, na ukipata ajali ndipo watakapokukumbusha.

Tiketi ya pili (ndiyo, nilipata ya pili, mke wangu ameshasema yote ya kusema) nilikuwa nimeerevuka. Kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi niliandikia mahakama kwamba sipingi, ila naomba darasa la udereva wa kujihami. Unalipa gharama za mahakama, unapewa siku 90, unasoma darasa la saa sita kwa kompyuta, unapeleka cheti pamoja na nakala rasmi ya kumbukumbu yako ya leseni kutoka idara ya usalama ya jimbo, ile wanayoiita 3A. Ukikamilisha, shitaka linafutwa, na sheria ya jimbo inaikataza kampuni ya bima kukupandishia bei kwa sababu ya tiketi iliyofutwa kwa njia hiyo. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu kwa raha.

Darasa lenyewe linachosha ajabu. Kuna saa inayohesabu, huwezi kuruka ukurasa, na linakuuliza maswali ya kuhakikisha hujaliacha likisoma peke yake huku unapika. Mimi nilikuwa napika. Nilirudia sehemu ya pombe mara mbili kwa sababu ya maharage, na pombe situmii. Lakini dola 780 zilirudi kuwa 640 wakati ile tiketi ya kwanza ilipotimiza miaka mitatu, na hii ya pili haikuonekana kabisa kwenye bei.

Masharti yapo na hayabembelezi. Uwe hujalitumia darasa hilo kufuta tiketi ndani ya miezi 12 kabla ya kosa. Uwe na leseni ya Texas na bima iliyo hai. Mwendo usiwe umezidi kibao kwa maili 25 au zaidi, wala usiwe umefika 95. Kosa lisiwe kwenye eneo la ujenzi ambapo mafundi walikuwepo. Na uombe kabla ya tarehe, kwa sababu ikishapita unabaki kumwangukia hakimu. Ukikosa darasa, kuna kuomba hukumu iahirishwe: unalipa, unakaa kwa tabia njema muda usiozidi siku 180, ukipita salama shitaka linafutwa. Hiyo hakimu anaweza kukubali au kukataa, anavyoona yeye. Na unaweza kukana kosa kabisa ukadai kesi isikilizwe, hata mbele ya baraza la raia sita wa kawaida wanaoamua kesi, kwa tiketi ya mwendo! Mara ya kwanza kuambiwa hivyo nilicheka.

Kitu kimoja kisichofaa kabisa ni kukaa kimya. Nimewaona watu wetu wakiiweka tiketi kwenye droo pamoja na vipeperushi vya piza. Usipojibu linakuwa kosa jingine, hati ya kukamatwa inaweza kutoka, na siku ya kuhuisha leseni unaweza kukuta imezuiwa.

Kinachonikera mimi si kwamba mwenye mwendo analipa zaidi. Hilo nakubali, hata kama aliyelipa ni mimi. Kinachonikera ni nani anapata habari. Mfanyakazi mwenzangu Mmarekani alipoiona karatasi yangu alisema tu, "Chukua darasa," bila kuinua macho kwenye kahawa yake. Alilijua hilo tangu ana miaka 17, baba yake alimwambia. Sisi baba zetu walituambia tuwashe taa tukiona tochi. Hapa Houston wapo wazee wa Kikongo waliokuja kama wakimbizi kutoka kambi za Tanzania na Burundi, Kiswahili wanakijua kuliko mimi, Kiingereza cha mahakama hawakijui. Hao ndio wanaolipa haraka kuliko wote, kesho yake asubuhi, kwa hundi ya dukani, kwa sababu karatasi ya serikali inatisha. Uaminifu wao wenyewe ndio unaowapandishia bima. Gharama ya kuandika juu ya tiketi, kwa herufi kubwa, "UKILIPA UMEKIRI" ni wino tu.

Kila ninapoandika mambo haya kuna anayeniuliza kwa nini Tanzania wasiunganishe mfumo wa faini wa polisi na mfumo wa stika za bima, maana yote miwili ni ya kielektroniki. Mimi nasema bado. Faini yetu inaning'inia kwenye gari. Basi la mikoani linaendeshwa na dereva aliyeajiriwa, tena wawili wawili, na tajiri yuko nyumbani. Ukiunganisha leo, dereva atakimbiza gari Mikumi, bima itapanda kwa tajiri, tajiri ataihamishia kwenye nauli, na dereva atahamia basi jingine akiwa msafi kama mtoto wa kipaimara. Kwanza faini imfuate mtu. Ikishamfuata mtu kwa haki, na mtu akawa na mahali pa kubishia ile picha ya kwenye simu pasipo kupoteza siku mbili za kazi, hapo tuongee bima.

Turudi kwa shemeji. Nilimweleza yote haya usiku ule, kwa madaha ya mtu aliyeumwa na nyoka akapona. Maili 84 kwenye 70, kumi na nne tu zimezidi, hana tiketi nyingine, darasa linamfaa kabisa. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Hata sisi wa CDL?"

Nilisahau. Mwaka huu mwezi wa tatu alipata leseni ya malori makubwa, tukamfanyia na sherehe. Mwenye leseni hiyo haruhusiwi darasa la kufuta tiketi, wala hukumu ya kuahirishwa, hata kama kosa alilifanya na Camry yake akienda kununua mkate. Sheria ya shirikisho inakataza majimbo kuficha makosa ya madereva hao. Akitiwa hatiani lazima amjulishe mwajiri ndani ya siku 30, na mwajiri naye ana bima yake inayochungulia. Angekuwa ndani ya lori na amezidi kwa maili 15, lingehesabiwa kosa zito, na mazito mawili ndani ya miaka mitatu ni siku 60 bila kuendesha lori. Sisi tuliojaa kwenye malori hapa, Watanzania, Wakenya, Wakongo, ndio ambao "yaishe" inaweza kuondoka na kazi yenyewe.

Kwa hiyo akakana kosa. Wakili wa tiketi, na wapo wengi wanaofanya kazi hiyo tu, amemtoza chini ya nilichopandishiwa mimi kwa mwaka mmoja. Anataka kuona kumbukumbu za kile kipima mwendo na kuzungumza na mwendesha mashitaka kabla ya kesi. Tarehe ni mwezi ujao, saa tatu asubuhi, mji mdogo uliopo saa moja na nusu kutoka kwao. Ameniomba nimsindikize. Dada yangu amesema gari ataendesha yeye.