Mashindano ya ufundi: medali inatupumbaza

Wanaoyabeza mashindano ya ufundi, yale ya vijana kushindana kujenga, kuchomelea au kushona, hutolea mfano Korea Kusini, na wana haki. Mwaka 1967 vijana wa nchi hiyo walikwenda Madrid kwenye mashindano ya dunia, siku hizi WorldSkills, wakarudi na dhahabu za ushonaji wa nguo na viatu. Tangu hapo Korea imeongoza dunia mara 19. Lakini shule zake za ufundi zilifikia kuwatenga wanafunzi wachache wajifue usiku na mchana, wengine wakibaki watazamaji. Mwaka 2020 mmoja wa vijana hao, huko Gyeongju, alijitoa uhai.

Hoja hiyo inauma. Hata hivyo kilichomlemea kijana yule ni mbio za medali, na medali ndiyo sehemu ninayoijali kidogo kuliko zote. Mimi nimevutiwa na karatasi ya alama, yaani orodha ya vipimo ambavyo kila kazi hupimwa navyo. Ukuta wa mwashi hupigwa timazi na pima maji, na ukipinda kupita milimita zilizoruhusiwa, alama inakatwa. Hakuna "si mbaya, inapita".

Halafu kuna kanuni ya WorldSkills ya asilimia 30. Katika baadhi ya fani kazi hutangazwa mapema, mshindani akaifanyia mazoezi miezi kadhaa; kisha mashindano yakikaribia, walau asilimia 30 yake hubadilishwa. Aliyekariri huumbuka hapo hapo. Aliyeelewa husoma mchoro upya, hupanga upya, huanza. Fundi yeyote aliyewahi kukuta choo cha mteja hakifanani na ramani anajua kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Je, mitihani yetu ya vitendo inampima mtu namna hiyo?

Hapa Tanzania tuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, tangu 2019, na vyuo vya ufundi vimo. Ni jambo jema, ila pale anatuzwa mbunifu, mwenye kifaa kipya. Binti aliyechomelea bomba kawaida, likakaa miaka 20 bila kuvuja, hana jukwaa pale.

Gharama? Ni kweli, nauli ya timu moja ingenunulia karakana mashine. Basi wasisafiri kwanza. Karatasi ya alama ibandikwe ukutani, darasa zima lipimwe kwayo. Ningeanza na uashi: matofali ya mazoezi, yakiungwa kwa udongo, hubomolewa jioni na kujengwa tena kesho.